Mwili Usiojua Kulalamika

Kwa wazazi wengi ambao mtoto wao amezaliwa bila uwezo wa kusikia maumivu, dalili ya kwanza huonekana mdomoni. Meno yanaanza kuota, na mtoto anafanya kile anachofanya kila mtoto: anatafuna chochote kilicho karibu. Kilicho karibu zaidi ni ulimi wake, mdomo wake wa chini na vidole vyake. Mtoto mwingine angejiuma mara moja, akalia, akaacha. Huyu haachi. Mama anamnyanyua kitandani akidhani shuka limelowa mate, kumbe ni damu, na mtoto anacheka kwa sababu ameamka na amemwona mama yake.

Watu waliozaliwa hivi ni wachache mno duniani. Hawajapooza. Wengi wao wanahisi kanga ikiwagusa mgongoni, wanajua mkono wao uko wapi hata wakifumba macho, na ukiwatekenya wanacheka. Katika baadhi ya aina za hali hii wanatambua hata kwamba chai ni ya moto na maji ya mtungi ni ya baridi. Kinachokosekana ni kimoja tu: joto likizidi haliwi kuungua, na uzito ukizidi hauwi kuumia. Anayeshika sufuria anajua ni ya moto, ila hakuna kinachomlazimisha kuiachia.

Hapo ndipo penye uzito wa jambo lote. Tumezoea kuyachukulia maumivu kama taarifa, mwili ukituarifu kwamba mahali fulani pana hitilafu. Lakini taarifa mtu anaweza kuisoma akaiweka kando, hasa akiwa na kazi. Maumivu hayawekeki kando. Yanafanana na mtoto mchanga anayelia usiku: humwambii asubiri umalize usingizi, unaamka. Nguvu yake ni kwamba hayaombi ruhusa, na asiye nayo anaweza kufundishwa hatari zote za dunia, akazikariri, na bado akaumia kila siku.

Mfano uliowafikisha wanasayansi kwenye chanzo cha aina moja ya hali hii ulitoka kaskazini mwa Pakistani. Mvulana mmoja alikuwa akijulikana katika mji wa Lahore kwa maonyesho ya mitaani: alijichoma visu mikononi na kutembea juu ya makaa ya moto mbele ya watu, kisha akaenda hospitali kushonwa, na baada ya hapo akarudi kazini. Timu iliyoongozwa na daktari wa jenetiki Geoffrey Woods, wa Chuo Kikuu cha Cambridge, ilimfuatilia. Kabla hawajamchunguza alikuwa amekwisha kufariki. Aliruka kutoka juu ya paa la nyumba, akiwa na umri wa karibu miaka 14.

Mvulana yule hakuwa mjinga. Kwa umri wake alijua kuliko watu wazima wengi kisu kinafanya nini kwenye nyama na kidonda kinashonwaje. Aliona kwa macho yake kwamba paa liko juu. Sisi tukisimama ukingoni mwa paa, miguu inalegea kabla akili haijapima chochote, kwa sababu miaka ya kuanguka na kuchubuka magoti imekwisha kutufundisha. Yeye alikuwa na macho na hesabu tu. Waliomzunguka, kwa bahati mbaya, walimlipa kwa kile kilichokuwa kinamwangamiza.

Woods na wenzake waliwachunguza watoto sita wa familia tatu za huko, wenye hali kama ya mvulana huyo. Wote walikuwa na makovu midomoni au ulimini, na wawili walikuwa wamepoteza theluthi ya mbele ya ulimi kwa kujiuma walipokuwa wadogo. Mwaka 2006 utafiti huo ulichapishwa katika jarida la Nature, na kosa likaonekana kwenye jeni iitwayo SCN9A. Jeni hiyo hubeba maelekezo ya kujenga mlango mdogo, Nav1.7, unaopitisha sodiamu kwenye neva za maumivu. Mlango ukifunguka, ujumbe unaanza safari kuelekea uti wa mgongo na ubongo. Kwa watoto wale mlango haukuwepo, kwa hiyo ujumbe haukuanza kabisa. Miaka miwili kabla, watafiti wa China walikuwa wameonyesha upande wa pili wa jeni hiyohiyo: kosa la aina nyingine huufanya mlango ufunguke kwa urahisi mno, na mwenye nalo huungua nyayo na viganja kwa joto dogo tu, hata la soksi. Jeni moja, mmoja hasikii kitu na mwingine hapati nafuu.

Mwaka 2011 ikabainika pia kwamba waliokosa mlango huo hawasikii harufu. Wasiolijua tatizo hili wanaweza kuona ni jambo dogo. Kwa mtu asiyesikia kuungua, harufu ya moshi au ya nyama inayoungua ni moja ya njia chache za kujiokoa, na kwa hawa hata hiyo imefungwa.

Ipo aina nyingine ambayo huua mapema zaidi. Mwaka 1996 timu ya Yasuhiro Indo huko Kumamoto, Japani, ilionyesha kwamba chanzo chake ni kosa kwenye jeni ya NTRK1, inayotengeneza kipokezi kiitwacho TrkA. Mtoto akiwa tumboni, neva zinazokua hutegemea kipokezi hicho kupokea ishara ya kuendelea kuishi. Kikikosekana, neva za maumivu hufa kabla ya kuzaliwa, pamoja na zile zinazoamuru tezi za jasho. Mtoto anazaliwa hasikii maumivu wala hatoi jasho. Adui wake wa kwanza ni homa na hali ya hewa. Mchana wa jua kali, ambao mtoto mwingine angelowa jasho na kuomba maji, humpandisha joto hadi degedege, na baadhi yao hufariki katika miaka ya mwanzo. Hali hii imeonekana zaidi Japani na miongoni mwa Wabedui wa jangwa la Negev, ambako ndoa za ndugu ni nyingi na jua halina huruma. Kulea mtoto wa namna hiyo ni kazi ya kitambaa chenye maji, feni, kivuli na kipimajoto, saa zote.

Watoto wa aina zote mbili wanavunjika mifupa. Mguu unavunjika mtoto akijifunza kutembea, naye anaendelea kutembea juu ya mfupa uliovunjika mpaka mtu aone uvimbe au kuchechemea. Daktari anapopiga picha ya eksirei hukuta mvunjiko mpya, na kando yake mingine ya zamani iliyojiunga vibaya, ambayo hakuna aliyewahi kuisimulia. Kisha anauliza swali ambalo daktari mwangalifu anapaswa kuliuliza: nani anampiga mtoto huyu? Majarida ya kitabibu yana visa vya wazazi walioshukiwa ukatili kabla ya ugonjwa kutambuliwa. Siwalaumu madaktari hao, kwa maana watoto wanaopigwa kweli ni wengi kuliko wasiosikia maumivu. Hata hivyo, mama ambaye amekesha miezi akifunga vidole vya mwanawe kwa bandeji ili asivile, kisha akahojiwa kama mtesaji, amebebeshwa mzigo usiosemeka. Kipimo kinachoweza kumwondolea shaka ni chepesi: mchome mtoto sindano ya chanjo, mtazame uso.

Lipo jambo lililo gumu kuliko majeraha ya ghafla, nalo ni madhara ya polepole. Msomaji aliyeketi kusoma ukurasa huu amekwisha kujisogeza mara kadhaa bila kujua, akaegemea upande mwingine, akanyoosha goti. Anayesimama foleni benki huhamisha uzito kutoka mguu huu kwenda mwingine. Ni kunung'unika kidogo kwa viungo ndiko kunakoamuru hayo. Asiyesikia manung'uniko hayo hukaa mkao mmoja mpaka mwisho. Akitegua kifundo cha mguu, anakitembelea vilevile kama jana. Miaka ikipita, gegedu husagika, mfupa husagana na mfupa, goti au nyonga hupoteza umbo, na maambukizi huingia ndani ya mfupa bila mwenyewe kujua. Jichoni, mchanga uliomwingia na akausugua humkwangulia konea hadi ibaki kovu. Tumboni, kidole tumbo kinaweza kupasuka kikiwa kimetanguliwa na homa na kichefuchefu tu.

Mwaka 2019 ilitangazwa habari ya mwanamke wa Scotland ambaye alifika miaka 65 bila kujua kwamba yuko tofauti na wengine. Madaktari wa Inverness walishangaa nyonga yake ilivyokuwa imeharibika ilhali hakuwa akilalamika, na baada ya upasuaji wa mkono ambao kwa kawaida huumiza sana hakuhitaji dawa. Uchunguzi ulionyesha mabadiliko kwenye sehemu ya jenomu iliyopewa jina la FAAH-OUT, yanayoufanya mwili wake ubaki na kemikali yake ya asili ya kutuliza kwa wingi kuliko kawaida. Hana wasiwasi, majeraha yake hupona haraka, na akijiunguza jikoni hutambua kwa harufu. Habari zake zilisambaa kama habari za mtu mwenye bahati, na kweli ana bahati. Ila yeye maumivu yake yamepunguzwa na mwili wake mwenyewe, wakati watoto wa Pakistani hawakuwa nayo kabisa. Kumchukua yeye kuwa mfano wa wote ni kuwasahau walioachwa bila ncha ya ulimi.

Dhana nyingine inayowaumiza watu hawa ni kwamba asiyeumwa hana huruma. Nicolas Danziger na wenzake nchini Ufaransa waliichunguza mwaka 2006. Waliwaonyesha watu wenye hali hii picha na video za watu wakiumia. Bila kuona uso au kusikia sauti ya anayeumia, wengi walikadiria maumivu kuwa madogo kuliko yalivyo, jambo linaloeleweka, kwani hawana cha kulinganisha nacho. Lakini uso wa mtu anayeumwa waliusoma sawasawa na watu wengine. Huzuni wanaijua, msiba unawaliza, na kuachwa na mpenzi kunawanyima usingizi.

Mtu aliyelifikiria jambo hili kwa undani kuliko wote, kwa maoni yangu, hakuanzia kwenye jeni. Ni daktari wa upasuaji Paul Brand, Mwingereza aliyezaliwa India, ambaye mwaka 1946 alianza kazi katika hospitali ya Vellore kusini mwa nchi hiyo. Huko alikutana na wagonjwa wa ukoma. Siku hizo ilidhaniwa kwamba ukoma huozesha nyama, kwamba vidole hudondoka vyenyewe. Brand alitazama mikono ya wagonjwa siku baada ya siku na kuona jambo tofauti. Bakteria wa ukoma huua neva, hasa pale mwili ulipo na ubaridi kidogo: viganja, nyayo, uso. Mengine yote yalikuwa madhara ya kawaida ya maisha ya kila siku yaliyowapata watu wasioyasikia. Siku moja alishindwa kufungua kufuli lenye kutu. Mvulana mgonjwa, mwembamba, akamwomba ajaribu, akauzungusha ufunguo mara moja likafunguka. Brand aliutazama mkono wa kijana: ufunguo ulikuwa umechana kidole hadi mfupa ukaonekana, na mwenyewe hana habari. Sote tuna misuli ya kutosha kujiumiza vile, ila maumivu hayatukubalii kufika huko.

Kulikuwa na fumbo lililobaki. Wagonjwa wengine waliamka asubuhi wakiwa wamepungukiwa na kipande cha kidole, na kipande chenyewe hakionekani. Zamu ya ulinzi wa usiku ikapangwa. Aliyekesha alimwona panya akipanda kitandani, akinusa mkono wa aliyelala, kisha akianza kutafuna. Tangu hapo mgonjwa wa Vellore aliyeruhusiwa kurudi nyumbani alipewa paka wa kwenda naye.

Baadaye Brand alihamia Carville, Louisiana, kwenye hospitali ya ukoma ya serikali ya Marekani, na huko alijaribu jambo kubwa: kutengeneza maumivu ya bandia. Yeye na wahandisi walitengeneza glavu na soksi zenye vipima-mgandamizo. Mkono ukikaza kitu kupita kiasi, mlio unasikika sikioni. Wagonjwa waliusikia mlio na kuendelea na kazi. Wakajaribu taa, nayo ikaonekana na kupuuzwa. Mwishowe wakaweka mshtuko wa umeme kwapani, mahali ambapo neva bado zilikuwa hai, na huo uliuma kweli. Hapo mgonjwa mwenye kazi ya kumaliza, mathalani ya kulegeza nati iliyogoma, alizima mtambo, akaumiza mkono, kisha akauwasha tena. Baada ya miaka ya kazi na fedha nyingi mradi uliachwa.

Watu hao walitamani sana kuilinda mikono iliyowabakia. Walikuwa wameshapoteza vidole na walijua sababu. Bado, pale kazi ilipodai nguvu zaidi na onyo likasema hapana, onyo lilishindwa, kwa kuwa kitufe cha kulizima kilikuwa mikononi mwao. Brand alifikia hitimisho kwamba mfumo wa maumivu unalinda kwa sababu mwenye mwili hawezi kuuzima. Nadhani hakuna aliyewahi kulieleza jambo hili vizuri zaidi, na alilijua kwa kushindwa maabara.

Watu wa Afrika Mashariki wanaweza kuona haya yote yako mbali. Mwaka 2005 daktari Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam na wenzake walichapisha ripoti juu ya wagonjwa wa kisukari wa Tanzania waliong'atwa na panya miguuni usiku wakiwa wamelala. Sukari ikikaa juu kwa miaka huharibu neva ndefu kwanza, zile za nyayo. Mgonjwa anaanza kwa kusema miguu inawaka moto, kisha inakufa ganzi, na ganzi inampa faraja kwa sababu moto umezimika. Asubuhi anakuta kidonda asichojua kimetoka wapi. Panya wa Vellore na panya wa Dar es Salaam waligundua jambo lilelile kabla ya madaktari.

Basi wale wachache waliozaliwa bila maumivu wana ndugu wengi waliopoteza maumivu ukubwani, na ndugu hao wamo katika kila kliniki ya kisukari ya kwetu. Njia ya kuwatambua ni rahisi: uzi mfupi mgumu wa nailoni uliopachikwa kwenye mpini, ambao hujipinda ukikandamizwa kwa nguvu ya gramu 10. Mgonjwa anafumba macho, muuguzi anagusa unyayo chini ya kidole gumba, chini ya kidole kidogo na sehemu nyingine chache, na mgonjwa anasema kila anapohisi. Asiyehisi hapo anaweza kutembea na msumari kiatuni siku nzima. Abbas na wenzake waliendesha mpango wa kuwafundisha madaktari na wauguzi wa mikoani utunzaji wa miguu, na nionavyo kazi hiyo ina thamani kuliko mashine nyingi za hospitali kubwa. Mgonjwa aliyekaa kliniki kutwa nzima akapimwa sukari, akaandikiwa dawa, akarudi nyumbani bila mtu kumvua viatu, amehudumiwa nusu.

Kampuni za dawa zilivutiwa na watoto wa Pakistani kwa sababu nyingine. Kama kukosa mlango mmoja kunazima maumivu bila kupoozesha, dawa ya kuziba mlango huo ingekuwa mbadala wa mofini. Majaribio ya miaka mingi ya kuuziba yamevunja moyo. Mwaka 2015 watafiti wa London walionyesha sababu mojawapo: mwili uliozaliwa bila Nav1.7 huzalisha pia kwa wingi dawa zake wenyewe za kutuliza maumivu. Walipompa naloksoni, dawa inayozuia utulizo wa aina hiyo, mwanamke wa miaka 39 aliyezaliwa na hali hii, alisikia maumivu kwa mara ya kwanza maishani. Njia iliyofanikiwa ilipitia mlango jirani, Nav1.8, na dawa yake, suzetrijini, iliidhinishwa Marekani Januari 2025. Yupo pia mnyama wa kwetu anayechunguzwa kwa shauku hiyohiyo: fuko asiye na manyoya anayeishi chini ya ardhi kavu ya Kenya, Ethiopia na Somalia. Tindikali haimchomi, na kipokezi chake cha TrkA ni kizito kuitikia. Lakini ukimbana, anasikia. Hata kwa mnyama aishiye gizani, maumbile yalizima sehemu ya maumivu tu.

Wakati dawa zikitafutwa, anayeishi bila maumivu anaishi kwa ukaguzi. Asubuhi na usiku anaangalia nyayo, vidole, viwiko, ndani ya mdomo, macho mbele ya kioo. Maji ya kuoga anayapima kwa kipimajoto. Viatu anavikung'uta kabla ya kuvaa. Saa inamkumbusha ajigeuze. Utotoni yote haya hufanywa na mama, baba au dada, na ugumu huja mtoto anapofika umri wa kutaka kuoga peke yake na kucheza mbali na nyumbani. Hapo macho ya familia hayatoshi, na shule inapaswa kujua.

Mwalimu aliye na mwanafunzi wa namna hii afahamu kwamba swali tunalouliza sote mtoto akianguka, "Umeumia?", kwake halina kazi. Atajibu hapana, na atakuwa hajasema uongo. Mvue kiatu na soksi. Linganisha mguu na mguu: uvimbe, joto, rangi, umbo. Mwambie atembee hatua chache umtazame. Ukiona tofauti yoyote, mguu ufungwe usitikisike na aende hospitali siku hiyohiyo, hata kama anakusihi umruhusu arudi kwenye mpira.